Neno la Herufi Saba Lenye G na Y

Sehemu ya Sita

Kwa aliyechelewa kulifungua gazeti, nitarudi nyuma kidogo tu. Kurudi nyuma sana kunaniumiza.

Mimi ni Idrisa, fundi viatu wa stendi ya Soni. Miaka minne iliyopita mgeni mmoja kutoka Ulaya aliniletea buti za kushona, akaziacha pamoja na mkoba wake, na hakurudi tena. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitabu cha maneno ya Kiingereza. Maneno matupu, bila maana hata moja, yamepangwa kwa idadi ya herufi: ya mbili, ya tatu, hadi ya kumi na tano. Nilikikariri chote kwa sababu mvua za kwetu ni ndefu, na wakati wa mvua watu huvaa ndala.

Kisha ukaja ule mchezo wa maneno kwenye simu. Watu wakaanza kujazana kwenye kibanda changu. "Idrisa, herufi tano, ina Z na P." Nasema TOPAZ. "Herufi sita, ina W na K." Nasema WICKET. Mpaka leo sijui WICKET ni mnyama au ni ugonjwa, lakini ilikuwa sahihi. Nikaenda kushindana Lushoto mjini, nikashinda. Nikaenda Mlalo, nikashinda. Nikarudi naitwa Profesa.

Sikumwambia mtu yeyote kwamba najua Kiingereza. Sikumwambia pia kwamba sijui. Hilo la pili ndilo kosa langu.

Posa yangu kwa Salama ilipita bila mkwaruzo, kwa sababu jamaa zake, wakulima wa karoti kule juu Magamba, walitaka mkwe msomi. Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi mama yake, Bi Saumu, alivyorudi kutoka hospitali kubwa na barua ya Kiingereza, akasema haisomi mtu mwingine ila mkwe wake. Nikaisoma. Nikawaambia inasema hali ni nzuri, amalizie vidonge vyake ifikapo tarehe ishirini na tatu, na ale vizuri. Wakasema barua nikae nayo mimi, msomi.

Harusi ilipangwa tarehe thelathini. Tuendelee hapo.

Asubuhi ya tarehe ishirini na moja, Secilia, nesi wa zahanati ya kule kwa kina Salama, alishuka Soni na kiatu kilichoachama. Nikampa kigoda akakaa kusubiri. Kitabu changu kilikuwa mezani, na ile barua ilikuwa ndani yake, nimeiweka kama alama ya ukurasa.

Akaivuta, akaisoma. Sindano yangu haikuwa imevuka soli mara tatu.

"Hii barua ya Bi Saumu inafanya nini kwako?"

"Nilimsomea."

"Ulimsomea. Ukamwambia inasemaje?"

Nikamwambia. Vidonge, tarehe ishirini na tatu, ale vizuri.

Nesi Secilia ni mtu mpole. Alikunja barua, akaikunjua, akanisogezea na kuweka ukucha juu ya neno moja.

"Hili unalijua?"

"SURGERY," nikasema. "Herufi saba, ina G na Y. Lilinipa kreti ya soda kule Mlalo."

"Maana yake?"

Nikaendelea kushona. Nilipoona ananisubiri, nikamwambia ukweli, kwamba sikuwahi kuulizwa maana.

"Ni kupasuliwa, Profesa. Bi Saumu ana uvimbe tumboni. Anatakiwa awe hospitali keshokutwa saa mbili asubuhi, tumbo tupu, pamoja na ndugu wa kutia saini na watu wawili wa kutoa damu. Hapa daktari ameandika kwamba akichelewa, uvimbe unaweza kupasuka wenyewe. Na wewe umemwambia ale vizuri."

"Nilisema pia anywe maziwa."

"Ukasema na maziwa."

Tangu nizaliwe sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Nilimwomba aende yeye akawaeleze, maana ni kazi yake.

"Mimi siwezi kutoa siri ya mgonjwa," akasema. "Wewe unaweza, umeshaitoa vibaya. Nikitoka Mombo kuchukua dawa nitapita kwao. Nikute umeshasema."

Akavaa kiatu. Nilikuwa nimekishona upande mmoja tu, hakulalamika.

Nikafunga kibanda, nikamfuata Mzee Nassoro.

Mzee Nassoro ndiye mshenga wangu. Kwetu mtu haendi ukweni akafungua mdomo hivihivi, hasa mbele ya mama mkwe. Mama mkwe hukai naye, humtazami usoni, huli mbele yake, na jikoni kwake huingii hata nyumba ikiwaka. Ukiwa na neno, unamwambia mshenga, mshenga anasimama mlangoni analipeleka ndani. Hata ile barua niliisoma hivyo: mimi barazani, Bi Saumu jikoni, Mzee Nassoro katikati.

Njia nzima kutoka Soni mpaka Magamba nilikuwa najizoeza sentensi moja. Tulipoketi barazani, nikamsogelea sikioni.

"Mzee, waambie mimi sijui Kiingereza."

Mzee Nassoro akanitazama kwa furaha, akaniita mwanamume kwa Kisambaa.

"Vizuri sana, mghosi wangu. Mkwe wa kujisifu hafai."

Kabla sijamshika kanzu, alikuwa ameshafika kwenye mlango wa jikoni.

"Bi Saumu," akasema kwa sauti ya kazi, "mkwe wako amekuja kukujulia hali. Anasema yeye si msomi, hajui kitu. Wanaojua ni ninyi wazazi."

Kutoka ndani nikasikia shangazi wawili wa Salama wakipiga vigelegele. Mmoja akasema kijana wa siku hizi mwenye adabu hii hapatikani tena, si Soni wala Lushoto. Baada ya muda kidogo ikatoka sahani ya bada, ugali wa muhogo, na kisamvu, na paja la kuku juu yake.

Nikalitazama lile paja. Nikamwita tena Mzee Nassoro.

"Mzee, hukunielewa. Ile barua niliisoma uongo. Mama anatakiwa kupasuliwa keshokutwa. Nenda ukaseme hivyo hivyo, usipunguze."

Safari hii alinielewa, kwa sababu aliacha kutafuna.

"Kupasuliwa?"

"Keshokutwa."

"Na ulisema vidonge."

"Nilisema vidonge."

Akajifuta mikono taratibu, akafikiri, akasimama. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nikajua sasa neno limepata mbebaji.

"Bi Saumu," akaanza pale mlangoni, "mkwe wako ana unyonge moyoni. Anaomba radhi kama katika kuisoma ile barua kuna mahali ulimi wake ulipungukiwa. Anasema ingefaa, kwa utulivu, siku moja, mtu mwingine naye aitupie jicho."

"Mwambie asijisumbue," ikajibu sauti ya Bi Saumu kutoka ndani. "Nimeridhika na alivyosoma."

Mzee Nassoro akarudi, akaketi na kuchukua tonge.

"Nimelifikisha."

"Hukusema kupasuliwa."

"Mghosi, kazi hii nimeifanya miaka thelathini. Nimeozesha watu arobaini na moja. Mimi sibebi maneno mabichi. Nayapika kwanza."

"Hili lifikishe bichi."

"Mbele ya shangazi zake? Kwa mama mkwe? Kuhusu tumbo lake?" Akatikisa kichwa, na sikuona hila yoyote usoni mwake. "Hilo mimi siwezi, hata ukinipa ng'ombe. Katafute mshenga mwingine."

Mshenga mwingine hapatikani saa saba mchana, siku mbili kabla ya mtu kupasuliwa tumbo.

Nikangoja. Shangazi wawili wakatoka na majembe yao kurudi kwenye karoti, wakanipita wakiinamisha vichwa kwa heshima nisiyostahili. Jikoni akabaki mtu mmoja.

Nikavua viatu, nikasimama, nikaingia.

Nyuma yangu nikamsikia Mzee Nassoro akiita jina la Mungu, kisha akiita langu.

Bi Saumu alikuwa akimenya viazi kando ya moto. Hakushtuka. Alinitazama usoni moja kwa moja, na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona zaidi ya mgongo, nikakuta ana macho yaleyale ya Salama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, siwezi kukaa humu."

"Umeshaingia. Ukisimama ndiyo utakuwa hujaingia?"

Nikakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakanifika kifuani. Nikaitoa ile sentensi kwa pumzi moja, kwamba sijui Kiingereza, kwamba niliyoyasema yote niliyatunga, kwamba keshokutwa anatakiwa akapasuliwe na sisi wengine tumekaa tunapanga harusi.

Bi Saumu akamaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitia kwenye maji.

"Najua," akasema.

"Unajua lipi, mama?"

"Yote mawili. Daktari aliniambia kwa Kiswahili. Alinirudia mara mbili, na mara ya pili akanichorea. Barua alinipa niilete zahanati kwa Secilia. Nikaona nikimpa Secilia, jioni hiyohiyo nitakuwa ndani ya gari. Ndipo nikasema nisomewe na mkwe wangu."

"Lakini mimi sijui kuisoma."

"Ndiyo maana nilikuchagua."

Nilijiona mjinga, na ukweli ni kwamba chini ya ule ujinga nilihisi pia nafuu. Kosa halikuwa langu peke yangu. Nafuu hiyo ndiyo iliyoniaibisha zaidi.

"Ulijuaje kwamba sijui?"

"Nimefua shuka za hoteli ya wageni miaka kumi na tisa. Kiingereza nakisikia. Mwaka juzi nilikuwa nanunua chumvi pale stendi, wazungu wawili wakakuuliza njia ya Bumbuli. Ukawajibu maneno matano, makubwa makubwa, kila moja na lake. Mmoja aliyaandika kwenye daftari."

Nilikuwa nimesahau. Ninavyokumbuka sasa, walinishukuru.

"Na bado ukanipa Salama?"

"Sikuwa namtafutia mwalimu," akasema, akachukua kiazi kingine. "Anakupenda, hulewi, na viatu unashona vizuri. Hao wanaotaka msomi ni wajomba zake."

Hapo ningeweza kuinuka nikaondoka na furaha yangu. Lakini nilikuwa na sauti ya Secilia kichwani.

"Mama, kwa nini hutaki kwenda?"

Maganda yakawa yanaanguka, mimi nayahesabu kwa kukosa la kufanya.

"Dada yangu Efrazia, yule aliyeolewa na Mkristo kule Mlalo, alikwenda kupasuliwa wiki moja kabla ya harusi ya binti yake. Alirudi amefunikwa. Watu waliokuja kucheza wakakaa kulia. Wakasema harusi isogezwe mpaka matanga yaishe, ikasogezwa, kijana akachoka akaoa kwingine. Binti yule ana miaka thelathini na minane sasa, yuko kwa kaka yake anapika. Mimi nina binti mmoja. Tarehe thelathini anaolewa. Tarehe thelathini na moja nitakwenda, na watakachonipasua wakipasue."

"Nesi anasema hakisubiri."

"Nesi haozeshi."

"Unaumwa, mama?"

Swali hilo mkwe hamuulizi mama mkwe. Akaweka kisu chini, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokuwa amekaa, ameegemea ubavu mmoja, mkono umeshika khanga pale kwenye kiuno. Nilijua kwamba amekaa hivyo siku nyingi na hakuna mtu aliyeingia jikoni humo kumtazama vizuri.

"Hasa usiku," akasema. "Mchana nafanya kazi, sisikii."

Nikamwambia basi nitamwambia Salama. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelitarajia hilo.

"Mwambie. Leo hii ataniburuta barabarani anitie kwenye gari. Na wewe hatakutaka tena. Mtu aliyekaa pale barazani kwetu akachezea uhai wa mama yake, akaletewa na kuku juu, Salama hawezi kulala naye nyumba moja. Mimi ndiye niliyemzaa, namjua. Ukinyamaza, siku tisa tu, utaoa. Na mimi nitakuwa nimemwona ameolewa."

"Na zisipofika siku tisa?"

"Nimefika miaka hamsini na nane bila ruhusa ya nesi."

Nina maneno elfu nyingi kichwani, ya herufi mbili mpaka kumi na tano, na hakuna hata moja lililonisogelea. Nilichokuwa nacho ni hofu mbili, ya kumkosa Salama na ya kumzika mama yake, na nilichukia kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikizungumza kwa sauti kubwa.

"Mama," nikasema, "hilo unaloniomba..."

Mlango ukaingiza mwanga. Salama alikuwa amesimama na kikapu cha pilipili hoho mkononi, khanga imelowa ukungu wa juu huko. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi kwenye kigoda, magoti yangu kifuani, soksi zangu zimetoboka.

"Idrisa. Jikoni?"

"Nimemkaribisha," mama yake akasema.

Salama hakulifuatilia. Akaweka kikapu chini polepole, na nikaona kwamba alikuwa amekuja na lake.

"Nimekutana na nesi Secilia pale barabarani. Akanishika mkono, akaniambia pole sana. Nikamuuliza, pole ya nini? Akaniachia mkono. Nikamng'ang'ania, akasema nimuulize mchumba wangu."

Bi Saumu akainamia moto akaanza kupuliza. Ulikuwa unawaka vizuri, haukuhitaji kupulizwa.

"Pole ya nini, Idrisa?"

Kutoka nje Mzee Nassoro akakohoa, akasogea mlangoni kwa heshima zote.

"Mwanangu Salama, kama kuna neno la kufikishwa, mimi nipo."

"Babu, leo sitaki kufikishiwa."

Mzee akarudi nyuma. Salama akanyoosha mkono, akaitoa barua kwenye mfuko wa shati langu, pale ilipokuwa imechungulia muda wote. Akaikunjua, akaishika mbele yangu kwa mikono miwili kama mtu anayemshikia mwenzake Kurani.

"Isome upya," akasema. "Siku ile ulikuwa barazani, sikukuona. Leo nataka nikuone. Taratibu, na kila neno uniwekee kidole."

"Salama," mama yake akasema bila kugeuka, "mwache mwenzio, amechoka."

"Asome, mama."

Tangu nianze kuitwa Profesa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa na karatasi ya Kiingereza nikiwa najua inasema nini. Bi Saumu aliacha kupuliza. Aligeuza uso, akanikazia macho, na hayakuwa ya kutisha. Yalikuwa yananiomba.

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikasoma jina la mgonjwa. Hapo hapakuwa na ubishi. Kisha kidole kikashuka mstari wa pili, na mama na binti wote wawili wakawa wananitazama mdomoni.